Bima Si ya Kulazwa Tu: Namna Mfanyakazi Anavyoweza Kuitumia Kabla ya Kuugua

SOMO LA AFYA

Kila mwisho wa mwezi, mfanyakazi aliyeajiriwa Embu, Meru au kwingineko nchini huona kwenye hati yake ya mshahara mstari ulioandikwa SHIF. Wengi huuhesabu kama pesa iliyokwisha kwenda. Mstari huo hukumbukwa siku mgonjwa anapofikishwa Embu Level 5 au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru akiwa hoi, na jamaa zake wakaanza kuulizana kama amesajiliwa.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuutumia mpango wa bima ya afya mtu akiwa bado mzima: huduma zipi za kinga zipo, nani anazilipia, zinapatikana wapi, na mfanyakazi afanye nini ili azipate.

Mazoea ya kungoja yalitoka wapi?

Bima ya NHIF ilianzishwa mwaka 1966 ikiwa bima ya hospitali, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa kulipia kitanda cha mgonjwa aliyelazwa. Ni mwaka 2015 tu, viwango vya michango vilipopandishwa, ndipo wafanyakazi kwa jumla walipoanza kutibiwa kwa kadi hiyo bila kulazwa. Si ajabu basi kwamba wazee wetu waliitunza kadi sandukuni pamoja na hati ya shamba, ikingoja siku ya balaa.

Tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Sheria ilibadilika, lakini mazoea hayabadiliki kwa siku moja. Bado wapo wanaochangia kila mwezi bila kukosa na ambao hawajawahi kupimwa presha hata mara moja.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uitwao STEPS, ulionyesha ukubwa wa jambo hili. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa presha maishani mwao, na karibu 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa sukari.

Mifuko mitatu, kazi tatu

Mkanganyiko mwingi huondoka mtu akijua kwamba SHA ina mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni wa Huduma ya Afya ya Msingi. Huu hulipia huduma za zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Fedha zake hutoka serikalini, wala si kwenye makato ya mshahara. Anachotakiwa mkazi ni kuwa amesajiliwa na SHA.

Mfuko wa pili ni wa Bima ya Afya ya Jamii, ndio huo SHIF unaoonekana kwenye hati ya mshahara. Huu hulipia matibabu ya hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6, na mwanachama lazima michango yake iwe imelipwa.

Mfuko wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu na mahututi. Hulipia matibabu ya dharura, na kwa magonjwa sugu na mahututi huingia pale ambapo kiwango cha mfuko wa pili kimekwisha.

Hapa pana jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui. Huduma nyingi za kinga zimo katika mfuko wa kwanza. Hata mwajiri akichelewa kuwasilisha makato, mfanyakazi aliyesajiliwa hapaswi kukosa kupimwa presha katika zahanati ya karibu. Tatizo la mchango usiolipwa hujitokeza akihitaji kupelekwa mbele, hospitali ya ngazi ya 4 au ya 5.

Kwa hiyo mlango wa kinga ni zahanati na kituo cha afya. Anayepanda gari kutoka Kianjokoma au Ishiara hadi Embu mjini kupimwa presha tu, ametumia nauli na siku nzima kutafuta huduma aliyoiacha karibu na nyumbani.

Makato yenyewe ni kiasi gani?

Mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha fedha hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hesabu yake ni hii:

• Mshahara wa shilingi 20,000: makato ni 550. Chini ya NHIF yalikuwa 750.
• Mshahara wa shilingi 30,000: makato ni 825. Chini ya NHIF yalikuwa 900.
• Mshahara wa shilingi 50,000: makato ni 1,375. Chini ya NHIF yalikuwa 1,200.
• Mshahara wa shilingi 100,000: makato ni 2,750. Chini ya NHIF yalikuwa 1,700.

Anayepata 30,000, kwa mfano, huchangia shilingi 9,900 kwa mwaka. Ni pesa ya kutosha kumfanya aulize anapata nini.

Mfano: presha isiyopimwa

Chukua mfano wa baba wa miaka 46 anayefanya kazi katika kiwanda cha chai kule juu Manyatta. Anajisikia mzima. Kichwa humuuma mara moja moja jioni, naye hulaumu kelele za mashine na kumeza dawa ya maumivu kutoka dukani.

Tuseme presha yake ni 170 kwa 105, na imekuwa hivyo kwa miaka kadhaa. Presha ya mtu mzima ikipimwa zaidi ya mara moja na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi, huhesabiwa kuwa ya juu. Haina maumivu yanayomlazimu mtu kwenda hospitali, lakini polepole huharibu mishipa ya moyo, ya ubongo na ya figo. Presha na kisukari ni miongoni mwa sababu kuu za figo kushindwa kufanya kazi.

Figo zikishindwa, mgonjwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara mbili kwa wiki. SHA imeweka malipo ya shilingi 10,650 kwa kila kipindi. Vipindi 104 kwa mwaka ni shilingi 1,107,600. Hata bima inapolipa, familia hubaki na nauli, siku za kazi zilizopotea, na mtu ambaye hawezi tena kusimama zamu nzima.

Sasa rudi nyuma. Kupima presha huchukua dakika chache. Ingegunduliwa akiwa na miaka 40, baba huyu angepunguza chumvi, angeanza dawa, na angerudi zahanati kila alipoelekezwa. Tofauti ya hali hizi mbili haikuwa pesa. Ilikuwa ziara moja ambayo haikufanywa.

Vipimo gani, na kwa nani?

Presha: kila mtu mzima, angalau mara moja kwa mwaka. Mwenye presha nyumbani kwao, au mwenye uzito mkubwa, apimwe mara nyingi zaidi.

Sukari: hasa aliyefika miaka 40, mwenye uzito mkubwa, mwenye mzazi au ndugu aliye na kisukari, na mama aliyewahi kupata sukari akiwa mjamzito. Kipimo cha kabla ya kula kikisoma 7.0 au zaidi, kinarudiwa ili kuthibitisha kisukari.

Saratani ya mlango wa kizazi: mwongozo wa kitaifa unawalenga wanawake wa miaka 25 hadi 49. Maambukizi ya virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kugeuka saratani kwa mwanamke mwenye kinga imara, na miaka 5 hadi 10 kwa mwenye kinga dhaifu. Kwa hiyo kuna muda mrefu wa kuyaona mabadiliko na kuyatibu kabla ya saratani kuanza. Mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi hupimwa mara nyingi zaidi. Wasichana wadogo, kuanzia miaka 10, hupewa chanjo ya HPV bila malipo.

Saratani ya matiti: mwanamke ajizoeze kujichunguza kila mwezi, na amwombe mhudumu amchunguze anapokwenda kliniki. Akishafika miaka 40, aulize kuhusu picha ya matiti.

Saratani ya umio: ni miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi. Anayeona chakula kinakwama kooni asingoje hadi ashindwe kumeza hata uji. Tumbaku na pombe huongeza hatari, na vinywaji vya moto sana pia. Chai ikipoa kidogo haipotezi utamu.

Wanaoshika kemikali, wanaofanya kazi penye vumbi au kelele nyingi: kuna kazi ambazo Kanuni za Uchunguzi wa Kiafya za mwaka 2005 zinataka wafanyakazi wake wachunguzwe. Huo ni wajibu wa mahali pa kazi, wala haupaswi kuchanganywa na bima.

"Mwajiri atajua?"

Hofu hii huwazuia wengi. Mtu anaogopa kwamba akikutwa na kisukari au virusi vya ukimwi, habari zitafika ofisini kabla yake.

Sheria iko upande wa mfanyakazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa nyeti. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 inakataza mtu kulazimishwa kupimwa virusi hivyo ili apate kazi. Majibu ni ya aliyepimwa. Kiwanda, shule au hoteli ikileta wahudumu kupima wafanyakazi uwanjani, ni haki ya kila mmoja kuuliza kabla hajatoa mkono: majibu yataandikwa wapi, na nani atayasoma?

Kikwazo kingine ni muda. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyetumika miezi miwili mfululizo likizo ya ugonjwa ya angalau siku 7 kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Lakini hiyo ni ya mgonjwa. Anayetaka kupimwa akiwa mzima ni vyema apatane na msimamizi wake mapema, au atumie siku yake ya mapumziko. Kwa presha na sukari, kuna njia fupi zaidi: wahamasishaji wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vya kazi kuanzia Septemba 2023, hutembelea nyumba wakiwa na mashine ya presha na ya sukari.

Wenye bima ya ziada kazini

Baadhi ya waajiri hununua bima ya kampuni binafsi juu ya SHIF. Mikataba mingi ya aina hii ina kifungu cha uchunguzi wa afya wa kila mwaka, na mwaka ukiisha bila kutumiwa, nafasi hiyo hupotea. Macho na meno pia mara nyingi huwa na viwango vyake. Mfanyakazi aombe ofisi ya wafanyakazi nakala ya orodha ya huduma, aisome, na aulize tarehe ambayo mwaka wa bima unaisha.

Hatua tano za kuchukua mwezi huu

1. Hakikisha umesajiliwa. Piga *147# kwa simu yoyote na ufuate maelekezo.
2. Ongeza mume au mke na watoto. Kusajiliwa kwako peke yako hakuwaingizi wao.
3. Linganisha hati ya mshahara na rekodi ya SHA. Umekatwa na michango haionekani? Uliza ofisi ya mishahara, kisha ofisi ya SHA.
4. Chagua zahanati au kituo cha afya cha karibu, nenda na kitambulisho, na useme wazi: "Sijaugua, nimekuja kupimwa."
5. Andika majibu na tarehe ya kurudi kwenye daftari. Kipimo kisichofuatiliwa hakina faida.

Vibarua, wakulima wa kahawa na wafanyabiashara wa miraa au muguka nao wanaweza kusajiliwa. Michango yao hukadiriwa kwa kuangalia mapato ya nyumba, na huduma za zahanati na vituo vya afya hazingoji michango hiyo.

Maswali ya kujipima

Soma maswali haya na wa nyumbani kwako, kisha kila mmoja ajibu.

1. Ni mfuko upi unaolipia huduma za zahanati, na fedha zake hutoka wapi?
2. Mshahara wako ukizidishwa kwa 2.75 na kugawanywa kwa 100, unapata makato yaliyo kwenye hati yako?
3. Presha yako ilisoma ngapi mara ya mwisho, na ilikuwa mwezi gani?
4. Katika nyumba yenu, nani amefika umri wa kupimwa na hajapimwa?

Atakayeshindwa kujibu swali la tatu, somo lake la kwanza liko zahanati. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na dialisisi ni ukuta wa gharama kubwa mno kuujenga.