Kufundisha Algoriti kwa Watoto Wanaojifunza Kiingereza: Somo la Kugeuza Saa

Utangulizi

Tulipokuwa tukiwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wilayani Serengeti, tuliketi nyuma ya darasa la nne katika kipindi cha Kiingereza. Somo lilikuwa kutaja saa. Mwanachuo alikuwa amechora uso wa saa ubaoni kwa ustadi, mshale mfupi ukielekea 3 na mrefu ukielekea 12. Akauliza, "What time is it?" Mtoto mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasimama, akajibu kwa sauti kubwa, "It is nine o'clock." Mwanachuo akasema, "Wrong, sit down," na darasa likacheka. Mtoto yule akaketi, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipogongwa.

Baada ya kipindi tulimwita nje, tukamwonyesha mchoro uleule daftarini, tukamwuliza kwa Kiswahili ni saa ngapi. Akajibu mara moja, "Saa tisa." Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa. Basi mtoto huyu alijua kusoma saa. Alijua kwamba tisa kwa Kiingereza ni "nine". Tena aliweza kuunda sentensi kamili ya Kiingereza isiyo na kosa la sarufi. Alichokikosa ni hatua moja tu katikati, na hatua hiyo hakuna aliyekuwa amemfundisha. Lazima tukiri kwamba hata sisi wakufunzi hatukuwa tumemfundisha mwanachuo wetu. Tulikuwa tumemwambia tu kwamba "saa za Kiswahili na za Kiingereza hutofautiana," tukaishia hapo. Tena katika fomu ya ukaguzi tulikuwa tumekwisha kumpa alama nzuri kwa kudumisha utulivu darasani.

Makala haya yana shabaha ya kusahihisha kosa hilo. Tutaeleza algoriti ni nini, kisha tutaonyesha jinsi somo la saa linavyoweza kuwafundisha watoto algoriti na Kiingereza kwa pamoja.

Maana ya algoriti

Algoriti ni orodha ya hatua zilizopangwa, ambazo mtu akizifuata moja baada ya nyingine hupata jibu la swali la aina fulani. Jina hilo limetokana na mtaalamu Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi mjini Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake cha hesabu kilipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake liligeuka likawa jina la njia yenyewe ya kukokotoa. Leo neno hili husikika zaidi katika habari za kompyuta, lakini kitu chenyewe ni cha zamani kuliko mashine hizo.

Algoriti njema ina sifa tatu. Kwanza, kila hatua iko wazi, haimwachi mtendaji akibahatisha. Pili, hatua zina mwisho. Tatu, watu wawili wakiifuata kwa namba zilezile hupata jibu lilelile.

Mwanachuo asidhani kwamba jambo hili ni geni kwa watoto wetu. Mtoto achezaye bao hufuata algoriti: huchota kete zote za shimo moja, hudondosha moja moja katika mashimo yanayofuata, na kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota tena na kuendelea, ikiangukia shimo tupu, hulala. Hapo pana hatua, pana sharti, na pana mwisho. Hata katika lugha ya nyumbani mtoto wa Tarime ana kanuni ya kuhesabu ambayo hajaitambua. Wataalamu wa isimu wameonyesha kwamba katika vitenzi vya Kikuria toni ya juu huanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina, kutegemea wakati unaotajwa na kitenzi hicho. Mtoto wa miaka sita huipata nafasi hiyo bila kukosea. Atakayesema kwamba mtoto huyo hana kichwa cha kufuata hatua hajamsikiliza.

Hali ya lugha katika wilaya zetu

Katika Tarime watoto wengi huja shuleni na Kikuria. Katika Serengeti wapo wenye Kingoreme, Kiikoma, Kinata, Kiisenye, Kikuria na Kitaturu. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967, na kwa wengi wa watoto hawa ni lugha ya pili. Kiingereza basi ni cha tatu. Mtaala ulioanza kutumika 2024 umekiingiza Kiingereza tangu darasa la kwanza, ilhali mtaala uliotangulia ulikianzisha darasa la tatu. Na mtoto akifika sekondari, hesabu zote atafundishwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo mtoto wetu akikosea jibu katika kipindi cha Kiingereza, kosa laweza kuwa katika mojawapo ya mambo matatu: hajui jambo lenyewe, hajui hatua, au hajui neno. Mwalimu asiyetenganisha mambo hayo humhukumu mtoto kwa kosa asilolifanya.

Tumeichagua saa kwa sababu ina faida nje ya darasa pia. Kule Robanda, na kandokando ya barabara iendayo lango la Ikoma, vijana hutafuta kazi katika kambi za watalii wanaokwenda Hifadhi ya Serengeti. Kijana anayeambiwa afike kazini "six o'clock", akaelewa saa sita, atafika adhuhuri, na gari litakuwa limeondoka tangu alfajiri.

Maandalizi na zana

Somo hili lafaa darasa la nne, kwa vipindi viwili. Zana ni kadi kumi na mbili za manila au za maboksi zilizoandikwa 1 hadi 12, kamba ya katani ya mita sita hivi, na majivu ya kuchorea duara uwanjani. Katika darasa la watoto themanini, kumi na wawili watasimama kwenye duara na wengine watakuwa waamuzi, kisha watabadilishana zamu.

Kulipanga duara ni kazi rahisi. Waweke kwanza 12 na 6 wakabiliane, halafu 3 na 9 wakabiliane, kisha watoto wawili wawili katika kila nafasi iliyobaki.

Hatua za somo

1. Utangulizi (dakika 5). Waulize watoto kwa Kiswahili wao huamka saa ngapi na shule hufunguliwa saa ngapi. Eleza kwamba Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana kunapopambazuka, na huku kwetu karibu na Ikweta jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Saa za Kiingereza huanza kuhesabiwa usiku wa manane, na huanza tena adhuhuri. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni saa sita.

2. Maarifa mapya kwa vitendo (dakika 20). Mwalimu aseme, "Saa tatu!" Mtoto mwenye kadi 3 ashike ncha ya kamba, apite katikati ya duara moja kwa moja mpaka kwa aliyemkabili, ampe ncha ya pili. Aliyeipokea atazame kadi yake, aseme "Nine o'clock!" Endelea na saa moja, saa tano, saa nane. Watoto wenyewe watagundua kwamba kamba huunganisha namba zilezile kila mara: anayekwenda kutoka 3 hufika 9, na anayekwenda kutoka 9 hufika 3. Waache wanong'onezane kwa lugha ya nyumbani wakitaka. Anayemweleza mwenzake kwa Kikuria anafanya kazi ya somo.

3. Kuandika algoriti kwa Kiswahili (dakika 15). Mkirudi darasani, uliza: "Asiye na kamba wala duara atafanyaje?" Pokea mapendekezo, kisha andikeni pamoja ubaoni:

(a) Shika namba ya saa.
(b) Je, namba hiyo imezidi 6?
(c) Ikiwa imezidi, toa 6.
(d) Ikiwa haikuzidi, jumlisha 6.
(e) Taja namba uliyoipata. Dakika zibaki kama zilivyo.

4. Kuijaribu algoriti (dakika 15). Wape namba za kila upande:

Saa tatu: 3 haikuzidi 6; 3 + 6 = 9.
Saa tisa: 9 imezidi 6; 9 – 6 = 3.
Saa sita: 6 haikuzidi 6; 6 + 6 = 12.
Saa kumi na mbili: 12 imezidi 6; 12 – 6 = 6.
Saa saba kasorobo: 7 – 6 = 1; yaani "quarter to one".

Usiruke saa sita. Watoto wengi hupendekeza: "Ikipungua 6, jumlisha, ikizidi 6, toa." Usiwasahihishe. Mwulize mwenye kadi 6 afanye nini. Atakaa kimya, kwa kuwa algoriti yao haikumpa kazi. Hapo darasa litaona lenyewe kwamba hatua zinapaswa kutosheleza kila namba, hasa namba za mpakani.

5. Kuihamishia algoriti katika Kiingereza (dakika 20). Sasa tu, baada ya watoto kuijua njia, andika maneno ya Kiingereza pembeni mwa yale ya Kiswahili: "Is the number more than six? If yes, take away six. If not, add six." Wayaseme pamoja, kisha wawili wawili, mmoja akitoa amri na mwingine akitenda. Maneno mapya ni machache, nayo hurudiwa mara nyingi yakiwa na kazi ya kufanya.

6. Kukazia maarifa (dakika 5). Waulize: tukipewa saa ya Kiingereza, tutaigeuza vipi iwe ya Kiswahili? Watajaribu, na watafurahi kuona kwamba algoriti ni ileile. Darasa lenye wepesi lipewe njia ya pili: jumlisha 6 daima, na jibu likizidi 12, toa 12. Je, majibu hulingana? Wapime. Njia hii ina manufaa yake: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ukijumlisha 6 bila kutoa kitu unapata saa ya mtindo wa saa 24. Saa tisa alasiri ni 15:00.

Makosa na dawa zake

Mtoto akijibu vibaya, uliza kwanza kwa Kiswahili, kisha tafuta kosa lilipo. Tuchukue mifano.

Kwa saa tatu, anayesema "three" amefasiri neno bila kugeuza saa. Mrudishe kwenye kamba. Anayesema "eight" anajua hatua, ila alipohesabu kwa vidole alianza na 3 yenyewe, msahihishe kuhesabu. Kwa saa tisa, anayesema "fifteen" ameruka swali la hatua (b). Kwa saa tano, anayesema "ereven" hana kosa la algoriti hata kidogo. Watoto wengi wa Kikuria hutamka r mahali pa l, na hilo ni zoezi la matamshi la siku nyingine. Mpe alama yake.

Jihadhari pia na maneno ambayo Kiswahili huyajenga kwa namna nyingine. Sisi husema "kabla hujajumlisha, tazama namba"; basi mtoto huandika "before you have not added". Kiingereza hakitaki ukanusho hapo. Vilevile "mpaka" yetu hutumika kwa wakati na kwa mahali, kwa hiyo mtoto husema "walk until the door" badala ya "walk to the door". Makosa haya yanaonyesha mtoto anayefikiri kwa utaratibu; yasahihishwe kwa mfano, si kwa kicheko.

Tathmini

Toa maswali ya aina tatu, na alama zake ziandikwe mbalimbali: kusoma saa kwa Kiswahili, kugeuza namba kwa maandishi bila neno la Kiingereza, na kutaja saa kwa Kiingereza. Mwalimu akiziona safu hizo tatu atajua afundishe nini kesho. Akiwa na alama moja tu ya jumla, atajua kwamba mtoto amekosa, asijue amekosa nini.

Hitimisho

Mwanachuo tuliyemtaja alirudia somo hilo juma lililofuata kwa kamba na majivu. Mtoto wa dirishani alipewa kadi 9. Kamba ilipomfikia kutoka kwa mwenye 3 alinyamaza kidogo, akatazama kadi yake, akasema, "Nine o'clock," sentensi ileile iliyochekwa, na safari hii ilikuwa sahihi. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Kwa hiyo siku ile nilikuwa upande wa pili wa kamba?" Hatukuwa na jibu bora kuliko hilo.

Maswali ya kujadili

1. Andika algoriti ya kutoa kwa kuazima, kwa mfano 52 – 27, kwa hatua zisizozidi sita. Je, yatosheleza 50 – 27?
2. Mtoto anasema saa kumi na moja ni "seventeen o'clock". Eleza ni hatua ipi aliyoiruka, na utamsaidiaje.
3. Tafuta mchezo au kazi moja ya nyumbani katika kijiji unakofanyia mazoezi ya kufundisha iliyo na hatua, sharti na mwisho. Itayarishie andalio la somo.