Kuzalisha Vichaka vya Asili kwa Pingili

MALENGO. Ukimaliza sehemu hii uweze: (a) kueleza maana ya uzazi usio wa kijinsia kwa kutumia pingili, (b) kutaja hatua za kuandaa pingili na sababu ya kila hatua, (c) kulinganisha faida na hasara zake, (d) kujibu swali la matumizi.

1. Mfano wa kuanzia

Ukiwa mjini Morogoro, tazama kusini. Ile ni Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vya juu vinazidi meta 2,600. Humo ndimo unamoanzia Mto Ruvu, ambao maji yake hutumika hadi Dar es Salaam. Mteremko ukiachwa wazi, mvua za masika huosha udongo wa juu, shamba huchoka na mto hujaa tope. Njia mojawapo ya kuushika udongo ni kupanda safu za vichaka vya asili kukingama mteremko, kama vile mtugutu na masale. Je, miche mingi itapatikana wapi kwa gharama ndogo? Jibu ni pingili.

Kazi hii si ngeni kwako. Nyumbani mkipanda muhogo hamzifukii mbegu, mnapanda kipande cha shina.

2. Maana

Pingili ni kipande cha shina chenye vifundo na macho, kinachokatwa kutoka kwa mmea mama na kupandwa ili kiote mizizi na kuwa mmea kamili. Mmea mpya hutokana na mgawanyiko wa seli wa mitosisi. Hakuna gameti wala urutubishaji. Kwa hiyo jeni zake ni zilezile za mmea mama, nao huitwa klona.

3. Hatua na sababu zake

Usikariri hatua peke yake. Alama nyingi zimo katika neno "kwa sababu".

(i) Chagua mmea mama wenye afya, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya pingili. Batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo huenezwa hivyohivyo.

(ii) Kata shina lililokomaa kiasi, unene wa penseli, urefu wa sentimeta 20 hadi 30. Shina changa mno hunyauka, na lililozeeka mno huchelewa kutoa mizizi.

(iii) Kata chini kidogo ya kifundo kwa kisu kikali na safi. Karibu na kifundo mizizi huota kwa urahisi, na mkato safi hauoi upesi.

(iv) Ondoa majani ya chini, bakiza mawili ya juu na uyakate nusu. Pingili haina mizizi ya kufyonza maji, hivyo majani mengi yataikausha. Lakini majani machache bado hutengeneza chakula.

(v) Panda upande wa chini ukiwa chini, theluthi mbili zikiwa ndani ya mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi. Homoni ya oksini husafiri kutoka ncha ya juu kwenda chini, hukusanyika kwenye mkato na kuchochea mizizi. Ukigeuza pingili kichwa chini, mara nyingi haioti vizuri.

(vi) Weka kivulini, mwagilia bila kutuamisha maji. Udongo uliojaa maji hukosa oksijeni, na seli zinazogawanyika zinahitaji oksijeni kwa upumuaji.

(vii) Hamishia shambani mwanzo wa mvua, mizizi ikishaenea.

ANGALIZO: Kata pingili kwenye ua wa nyumba au mpaka wa shamba, kwa idhini ya mwenyewe. Usikate ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru.

4. Faida na hasara

Faida: mmea hukua haraka kuliko wa mbegu, sifa nzuri za mama hazipotei, mimea yenye mbegu chache au ngumu kuota huweza kuzalishwa.

Hasara: magonjwa ya mama hurithiwa, hakuna tofauti za kijenetiki, ugonjwa mpya ukija, mimea yote huwa dhaifu kwa pamoja.

Fikiria ua la Saintpaulia. Si kichaka bali mmea mdogo wa msituni, na spishi yake mojawapo, Saintpaulia goetzeana, huota Uluguru. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka Ulaya ua la jamii hii kutoka Usambara. Mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Leo maua hayo hupambia madirisha duniani kote, na mengi huzalishwa kwa kuchomeka jani moja kwenye udongo. Hata hivyo, vyungu elfu vilivyotokana na jani moja ni sawa na mmea mmoja kijenetiki. Vyungu hivyo haviwezi kuchukua nafasi ya msitu wenye mimea inayotofautiana. Msitu ukifyekwa, tofauti hizo hazirudi kwa pingili.

5. Swali la mfano

Wanafunzi walikata pingili 200 kutoka kwa mtugutu mmoja wakazipanda mtelemkoni. Zote ziliota. Mwaka uliofuata ugonjwa uliangamiza karibu safu nzima.
(a) Eleza kwa nini mimea mingi ilikufa kwa pamoja. (Alama 3)
(b) Toa ushauri mmoja kwa upandaji ujao. (Alama 2)

Jibu:
(a) Pingili zilitoka mmea mmoja (1), kwa hiyo zilikuwa klona zenye jeni zilezile (1). Mmoja ukikosa kinga, yote hukosa (1).
(b) Wakate pingili kutoka mimea mama mingi, au wachanganye na miche ya mbegu (1), ili tofauti za kijenetiki ziwezeshe baadhi kuokoka (1).

6. Makosa ya kuepuka

Usiandike "pingili ni mbegu". Usichanganye mitosisi na meiosisi. Usiseme klona "hufanana kidogo". Sema jeni zake ni sawa. Ukiulizwa "eleza", usiishie kutaja.

ZOEZI: Chomeka pingili 10 wima na 10 kichwa chini, udongo na maji yakiwa sawa. Hesabu zilizoota baada ya wiki sita. Taja kigezo ulichobadilisha, vigezo ulivyodhibiti, na ueleze matokeo kwa kutumia oksini.