Fedha ya Mgeni Inapita Wapi?



Katika darasa moja hapa Chato mzee mmoja aliuliza: "Hifadhi tunazo mbili. Mbona mfukoni mwangu sioni kitu?" Hilo ni swali zuri. Leo tutalijibu.

Hifadhi ya kwanza ni Kisiwa cha Rubondo, katika Ziwa Viktoria. Kilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1965, kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977. Ya pili ni Burigi-Chato. Hiyo ilianzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi.

Rubondo inatufundisha maana ya ubia, yaani kuunganisha nguvu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, sokwe 17 waliletwa kisiwani kwa msaada wa Shirika la Wanyama la Frankfurt, la Ujerumani. Sokwe hao walikuwa wamefungwa katika mabustani ya wanyama huko Ulaya. Walifunguliwa msituni, wakajifunza kujitafutia chakula, wakazaana. Leo wageni husafiri kutoka mbali kuja kuwaona wajukuu wao. Shirika lilikuwa na sokwe, Serikali ilikuwa na kisiwa.

Sasa tumfuate mgeni mmoja. Anashuka kwenye ndege Mwanza, au hapa Chato. Barabara kuu anayopita inatunzwa na TANROADS. Barabara za wilaya na vijiji ni kazi ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Anafika Muganza, kisha Kasenda, anapanda boti kwenda kisiwani. Huko anapokewa na TANAPA, shirika la Hifadhi za Taifa. Kiingilio chake kinaingia Serikalini. Chini ya mpango wa Ujirani Mwema, TANAPA husaidia vijiji jirani katika kazi kama kujenga madarasa na zahanati.

Lakini mgeni huyo anakula. Analala. Anahitaji mtu wa kumwonyesha njia. Fedha hiyo haina mwenyewe bado! Asipopata Muganza kitanda safi na sahani ya sato aliyepikwa vizuri, atapita moja kwa moja, na fedha itabaki Mwanza. Nadhani hapa ndipo jibu la mzee wetu lilipo.

Tuseme akina mama wa kijiji kimoja wanataka kufungua mgahawa. Waunde kikundi, wakiandikishe, waende kwa Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikaanza tena mwaka 2024. Ni mkopo, si zawadi. Lazima urudishwe ili kikundi kingine nacho kipate.

Na wavuvi je? Ni kweli, kuvua ndani ya maji ya hifadhi kumekatazwa, na jambo hilo linauma. Lakini samaki huzaliana humo kwa usalama, kisha hutoka na kuingia katika maji yetu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Barabara ya kijiji chenu ikiharibika, mtapeleka habari kwa nani?
2. Mgeni akifika kijijini kwenu leo saa moja usiku, atalala wapi na atakula nini?
3. Ni nani kati yenu wanaoweza kuunda kikundi? Andikeni majina yao ubaoni.