Kabla ya kulipia gari, fungua kapo

Wadogo zangu, leo namjibu mmoja wenu wa Mangobo, hapa Kisangani. Anauza vitenge, amejinyima muda mrefu, sasa ameonyeshwa Nissan X-Trail kutoka Japani, rangi safi, viti safi. Ananiuliza: "Yaya, nichukue?"

Mdogo wangu, rangi iache kwanza. Mwite fundi wako afungue kapo, akuonyeshe buji ziko wapi na mkono unafikaje.

X-Trail za kuanzia 2007 zenye moteri ya MR20, ile ya lita 2, buji zake nne zimefunikwa na bomba pana la plastiki linaloingiza hewa. Fundi hazifikii mpaka alivue bomba lote, na akilirudisha abadilishe raba zilizochoka. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 2000, anaondoa kifuniko, analegeza bolti moja ya namba 10 kwenye kila koili, buji hizo hapo juu. Buji ni nne huku na nne kule. Utakacholipa zaidi ni saa za fundi.

Waliolichora gari hili hawakukutakia mabaya. Moteri imelazwa kwa upana ili abiria wapate nafasi, na kiwandani vitu hivyo vilifungwa moteri ikiwa bado nje, wazi pande zote.

Sikukatazi. Punguzisha bei kwa sababu hiyo, na ukilinunua, siku bomba linapovuliwa uwepo garajini. Hapo matundu ya kuingia ndani ya moteri yanabaki wazi. Nati moja ndogo ikitumbukia humo, ulikuja kwa buji, utaondoka na deni la moteri nzima. Kwa hiyo fundi apulize vumbi letu jekundu kabla ya kufungua chochote, azibe matundu kwa vitambaa safi, na avihesabu anapovitoa. Tia buji za iridium za kweli, zile zinazoweza kufika kilomita 100,000, usirudie kazi hii mapema.

Linaloniuma zaidi ni filta ya esansi. Gari nyingi za siku hizi zimeificha ndani ya tangi, pamoja na pampu. Na esansi yetu mara nyingi hupanda na mto kutoka Kinshasa, kilomita zipatazo 1,700, halafu kadhafi, muuzaji wa kando ya barabara, anakupimia kutoka kwenye bidoni. Ikiwa na uchafu, mwingi unaishia kwenye filta hiyo. Inua kiti cha nyuma, utafute kifuniko cha kufikia pampu. Kisipokuwepo, siku ya kubadilisha filta tangi zima litashushwa, basi usilipeleke gari tangi likiwa limejaa.

Jambo la mwisho: raba na filta ziagize mapema, ziwe mkononi mwako kabla fundi hajagusa bolti hata moja. Lori la Butembo linaloleta vipuri likikwama kwenye matope ya barabara ya RN4, gari lako litalala garajini limevuliwa nusu, na huko vitenge vinakusubiri sokoni.