SOMO LA JIKONI: KASHATA ZA SIKUKUU

Krismasi inapokaribia, kina mama wengi hapa Chaani huanza kukuna nazi za kashata, wengine kwa ajili ya nyumbani, wengine za kuuza kando ya barabara. Leo tutajifunza kashata laini ya nazi na maziwa, kisha tuseme jambo moja kuhusu njugu ambalo halihusu ladha peke yake.

Tutahitaji nazi iliyokunwa vikombe 3, sukari vikombe 2, maziwa kikombe 1, chumvi kidogo na iliki punje 6 zilizotwangwa. Kama nazi imeshatoa tui la wali, chicha tusiitupe, inafaa, ila isiwe imekamuliwa mpaka ikawa kama unga wa mbao.

Tuchemshe sukari na maziwa kwa moto wa wastani katika sufuria kubwa, maana maziwa hufura. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, na ni haraka tu. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za joto. Yanapoendelea kukauka, sukari hupanda hadi karibu nyuzi 115, na hapo ndipo huweza kushika. Kipimajoto hatuna, basi tuchukue kikombe cha maji baridi tudondoshe tone moja. Likitawanyika, bado. Likijikusanya likawa donge laini la kubonyea kwa kidole, tayari. Likiwa gumu, limepita, na wageni watavunjika meno! Watoto wakae mbali na jiko, maana sukari ya moto hunata kwenye ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji.

Sasa tutie nazi, iliki na chumvi, tukoroge bila kuacha mpaka ijitenge na sufuria. Tumimine kwenye sinia iliyopakwa samli, tusawazishe, tukate ingali vuguvugu.

Desemba ni msimu wa embe, kwa hiyo anayetaka aongeze nusu kikombe cha embe iliyopondwa, ngowe au boribo. Lakini aipike kwanza peke yake mpaka iwe nzito, la sivyo kashata haitashika. Hiyo iliwe ndani ya siku mbili. Tangawizi mbichi pia ni nzuri. Rangi nyekundu ya dukani sisi hatuoni kazi yake.

Haya, njugu. Sikukuu bei hupanda, na zile zilizokunjamana au kupiga weusi huuzwa rahisi. Mtu husema, si zitakaangwa, na sukari itaficha uchungu? Hapo ndipo hatari ilipo. Njugu zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo hudhuru ini, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004 watu 125 walikufa hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Ule uchungu ndio onyo letu, nasi tunaufunika kwa sukari na kumpa mtoto! Tumwage njugu kwenye ungo, tuchague moja moja, zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi tuzitupe. Tusiwape kuku.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na sukari huuvuta. Kashata zikishapoa kabisa zifungiwe mkebeni. Njugu zilizobaki zikaushwe vizuri, ziwekwe mahali penye hewa, juu ya ubao, si sakafuni.