Elki wa Jackson Hole: Kuhama kwa Majira na Tatizo la Kulisha Wanyama wa Porini

Elki ni mnyama acheuaye wa jamii ya ayala, aishiye Amerika ya Kaskazini na sehemu za Asia. Dume huwa na uzito wa kilo 300 hivi, na pembe zake zenye matawi huanguka na kuota upya kila mwaka. Somo hili lahusu kundi la Jackson Hole, katika jimbo la Wyoming nchini Marekani, lenye elki wapatao 11,000. Historia ya kundi hilo yaonyesha jinsi msaada wa binadamu uwezavyo kumwokoa mnyama na papo hapo kumtia hatarini.

Sababu za Kuhama

Safari ya elki huongozwa na nyasi na theluji. Joto linapoanza kurudi, theluji huyeyuka kwanza mabondeni, kisha milimani. Nyasi nazo huchipua kwa utaratibu huo huo. Nyasi changa zina protini nyingi na nyuzinyuzi chache, hivyo humeng'enywa kwa urahisi. Elki huzifuata hatua kwa hatua, baadhi yao hadi ndani ya Hifadhi ya Yellowstone, mwendo wa zaidi ya kilomita 80. Majike huzaa mwishoni mwa Mei na katika Juni, wakati ambapo malisho bora huwawezesha kutoa maziwa ya kutosha. Nyumbu wa Serengeti nao hufuata nyasi changa, ila huko kinachotawala ni mvua. Theluji nzito inapofunika milima, elki hurudi mabondeni.

Kufungwa kwa Mabonde

Tangu miaka ya 1880 walowezi walilima na kufuga katika bonde la Jackson Hole, wakajenga mji na kuweka nyua. Elki wakapoteza sehemu kubwa ya malisho ya majira ya baridi. Kati ya 1909 na 1911 maelfu yao walikufa kwa njaa. Ndipo serikali iliponunua nyasi kavu za kuwalisha, na mwaka 1912 ikatenga Hifadhi ya Taifa ya Elki, ambayo sasa ina hekta zipatazo 10,000. Tangu 1975 nyasi hizo zilibadilishwa na vidonge vya lusani, mmea wa jamii ya kunde. Njaa ilidhibitiwa.

Hatari ya Msongamano

Lakini maelfu ya wanyama wanaokula mahali pamoja huambukizana upesi. Ugonjwa wa kwanza ni bruselosi, ujulikanao sana kwa wafugaji wa Afrika Mashariki kwa kuwa ng'ombe hutupa mimba. Elki mwenye afya huambukizwa anapolamba mimba iliyotupwa na mgonjwa.

Wa pili ni ugonjwa wa kudhoofika, uletwao na prioni, yaani protini iliyojikunja isivyo kawaida na kuharibu ubongo. Hauna dawa wala chanjo, na kila auguaye hufa. Prioni hutoka kwa mate, mkojo na kinyesi, nazo hudumu udongoni kwa miaka. Ugonjwa huu uligunduliwa kwa mara ya kwanza katika kundi la Jackson mwezi Desemba 2020. Hivyo uwanja wa kulishia waweza kugeuka chanzo cha kudumu cha maambukizo.

Njia za Usimamizi

Kuacha kulisha ghafula kungeleta njaa, na elki wangevamia ranchi na kuwaambukiza ng'ombe bruselosi. Kwa sababu hiyo mpango wa mwaka 2007 ulilenga kupunguza ulishaji pole pole, na kubakiza elki 5,000 hivi hifadhini wakati wa baridi. Uwindaji wa leseni hupunguza idadi yao, na kulinda njia za kuhama huwawezesha kutawanyika.

Fundisho kuu ni kwamba chakula kinacholetwa hakiongezi ardhi. Idadi ya wanyama ikipita uwezo wa malisho, njaa iliyozuiwa huweza kurudi kwa sura ya maradhi.

Maswali

1. Kwa nini elki hawapandi milimani mara moja theluji inapoanza kuyeyuka?
2. Eleza tofauti kati ya prioni na bakteria.
3. Ikiwa elki 5,000 hupewa kilo 3.5 za vidonge kila mmoja kwa siku, tani ngapi zitahitajika kwa siku 70?
4. Jadili: ulishaji usimamishwe au uendelee?