Kwa Nini Mlango Unafunguka Juu? Somo Nililolipata kwa Kufeli

Muhula uliopita kundi letu la watu watano lilipata alama za chini kuliko makundi yote ya darasa. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani ninaandika kama mtaalamu. Kazi tuliyopewa ilikuwa kusanifu chombo cha kubebea wagonjwa kutoka kijijini hadi zahanati, kwa kutumia pikipiki ya magurudumu matatu, hizi tunazoziita toyo. Sisi tukachora kitu kikali: bodi imelala chini, kioo kimeinama, na milango miwili inafunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege. Wazo la milango lilikuwa langu. Tangu kidato cha pili nimekuwa na picha ya gari moja kwenye simu, Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954, na niliona huo ndio wakati wake.

Siku ya kuwasilisha, mwalimu aliutazama mchoro muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Wanangu, huu mlango unafunguka juu kwa nini?"

Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akajibu, "Mwalimu, ni ya kisasa." Darasa zima likacheka. Nikajitosa, nikasema hata Mercedes walifanya hivyo. "Sawa," akasema, "na wao kwa nini?"

Jamani, nilikwama. Miaka yote hiyo nimelipenda gari lile na sikujua kwa nini lina mlango ule. Basi baada ya aibu nikaenda kutafuta, na nilichokipata nakigawa hapa kwa wanachuo wenzangu, wa uhandisi na wasio wa uhandisi.

Injini ya wakubwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mercedes-Benz walitaka kurudi kwenye mashindano ya magari baada ya vita. Shida ni kwamba hawakuwa na injini ya mashindano. Walichokuwa nacho ni injini ya gari lao kubwa la kifahari, modeli ya 300, lile la kupandwa na mawaziri: silinda 6, karibu lita 3, ndefu kwa kimo, nzito, na nguvu farasi 115 tu. Hata walipoichokonoa kwa ajili ya mashindano, nguvu zilifika takriban 170. Hapo unashindana na Ferrari na Jaguar. Si mchezo.

Mhandisi wao, Rudolf Uhlenhaut, alikabili jambo hilo hivi: kama nguvu haiongezeki vya kutosha, basi tupunguze kile ambacho nguvu hiyo inakibeba na kukisukuma, yaani uzito wa gari na upinzani wa hewa. Kila kitu cha ajabu kwenye 300 SL kilitokana na uamuzi huo.

Jaribio la mirija

Ili upate picha, chukua mirija minne ya soda na pini nne, utengeneze mraba. Usukume kona moja. Mraba unalala upande, hauna nguvu. Sasa ongeza mrija wa tano, kutoka kona hadi kona. Sukuma tena. Umekaza! Hukuongeza unene wa mrija wowote, umegeuza tu mraba kuwa pembetatu mbili. Kwenye pembetatu, kila mrija ama unavutwa ama unagandamizwa kwa urefu wake, na paipu nyembamba huvumilia hayo vizuri kuliko kupindwa.

Uhlenhaut alijenga fremu nzima kwa kanuni hiyo: paipu nyembamba za chuma zilizochomelewa kuwa pembetatu nyingi, kama mnara wa simu uliolazwa. Kwenye gari la barabarani lililokuja kuuzwa baadaye, fremu ilikuwa na kilo 82 tu.

Lakini mtandao wa pembetatu hauwi imara ukiwa bapa, unahitaji kina. Kina hicho kilipatikana ubavuni mwa gari, palepale ambapo gari la kawaida huweka mlango. Ukikata paipu zile ili mtu apite, umeivunja fremu kiunoni. Kwa hiyo kizingiti cha mlango kikapanda juu sana, na nafasi ya kuingilia iliyobaki ikawa ndogo, kuanzia juu ya zile paipu. Mlango wa kawaida ungekuwa kama kidirisha. Wakakata sehemu ya paa, wakafunga bawaba huko juu, na mlango ukaanza kufunguka kuelekea angani.

Hilo ndilo jibu nililolikosa mbele ya darasa. Mlango ule ulikwenda pale ambapo fremu iliuruhusu. Urembo tuliuona sisi baadaye.

Na mahesabu yao yalilipa. Mwaka 1952 magari yale yalishika nafasi ya kwanza na ya pili kwenye mbio za saa 24 za Le mans, Ufaransa, kisha yakafanya vilevile kwenye Carrera Panamericana, Meksiko. Injini ilikuwa ileile ya wakubwa.

Kila suluhisho na deni lake

Baadaye Max Hoffman, mfanyabiashara aliyekuwa akiingiza magari ya Ulaya Marekani, aliwashawishi Mercedes watengeneze toleo la kuuza. Lilioneshwa New York Februari 1954. Hapa ndipo somo linaponoga, kwa sababu gari la mashindano linatunzwa na mafundi usiku na mchana, lakini gari la kuuza linakwenda kuishi na watu.

Anza na injini. Kwa kuwa ilikuwa ndefu kwa kimo, waliilaza upande karibu nyuzi 50 ili boneti ibaki chini. Sampu ya oili iliyoning'inia chini ya injini nayo iliondolewa, oili ikawekwa kwenye tangi la pembeni. Kisha wakaachana na kabureta. Kwenye kabureta, petroli hunyonywa na hewa inayopita. Wao wakafunga pampu ya Bosch iliyosukuma petroli kwa nguvu moja kwa moja ndani ya silinda, maarifa yaliyokwisha kutumika kwenye injini za ndege za vita. Hili likawa gari la kwanza la kuuzwa lenye injini ya mipigo minne kutumia mfumo huo. Nguvu farasi 115 za gari la mawaziri zikawa 215, na mwendo ukaweza kufika hadi kilomita 260 kwa saa, kutegemea gia za difu. Kwa mwaka 1954!

Sasa deni. Ukizima swichi, plagi zinaacha kuwasha, lakini injini bado inazunguka kidogo kabla ya kusimama, na pampu inazunguka nayo. Petroli inaendelea kumwagwa kwenye silinda bila kuungua. Inaosha oili kwenye kuta, inateremka, inachanganyika na oili yote. Ukienda safari ndefu, joto huikausha. Ukiwa mtu wa kwenda sokoni na kurudi, oili inabaki nyepesi na injini inalika. Ndiyo maana ilitakiwa ibadilishwe mara kwa mara, takriban kila kilomita 1,600.

Deni la pili: vioo vya milango havikuweza kuteremshwa. Ukitaka hewa, unakitoa kioo chote na kukihifadhi nyuma ya kiti. Kuingia nako ni kazi. Usukani ulitengenezwa ulazike ili miguu ipite juu ya kizingiti.

Deni la tatu ni la kutisha. Magurudumu ya nyuma yalifungwa kwenye nusu ekseli mbili zinazobembea kutoka kwenye difu. Dereva akiingia kona kwa kasi, akaogopa na kuachia mafuta ghafla, sehemu ya nyuma ya gari huinuka, magurudumu hujikunja kwa ndani, na tairi hubaki na sehemu ndogo ya kushika barabara. Mkia unaondoka. Dereva aliyezoea alijua kwamba katikati ya kona huachii mafuta. Mgeni alijifunza kwa gharama.

Magari hayo yenye mabawa yalitengenezwa 1,400 tu, kati ya 1954 na 1957. Kisha Mercedes wenyewe wakayaacha. Toleo la wazi lililofuata, lililodumu hadi 1963, lilikuwa na fremu iliyobadilishwa ubavuni ili kizingiti kishuke na mlango ufunguke kama milango ya watu wengine, pamoja na ekseli ya nyuma iliyotulizwa. Hili lilinigusa kuliko yote. Walioubuni mlango ule hawakuung'ang'ania. Sababu yake ilipokwisha, waliufuta.

Kurudi kwenye toyo yetu

Nilipomaliza kusoma haya niliutoa mchoro wetu na kuutazama kwa macho ya mtu mwingine. Nikamfikiria mama mwenye uchungu wa uzazi, usiku, mvua inanyesha, mume kamshika bega. Sisi tulimwekea kizingiti kirefu cha kuruka na mlango unaohitaji mtu mrefu wa kuuvuta chini. Chombo kikipinduka mtaroni, mabawa yangezikwa kwenye tope. Tulikuwa tumenakili jibu la mtu aliyetaka kushinda Le mans na injini nzito. Swali letu lilikuwa jingine kabisa: mgonjwa atapandaje bila kubebwa?

Mwalimu alitupa nafasi ya kurudia. Tulishusha sakafu, tukafungua nyuma kwa upana wote ili machela iingie moja kwa moja, na paipu za mshazari tukazipeleka kwenye paa na ubavuni, ambako hakuna mtu wa kupita. Pembetatu za Uhlenhaut tulibaki nazo, kwa sababu tulikuwa tunazihitaji. Mabawa nikayafuta mwenyewe. Sitadanganya, iliuma kidogo.

Wenzangu wa sheria, ualimu na biashara, hata ninyi mnanakili: katiba ya chama fulani, mpango wa biashara wa mtu wa Dubai, mtaala wa nchi nyingine. Kabla hujanakili, tafuta jambo lililomsumbua yule aliyekitengeneza kitu hicho. Likifanana na linalokusumbua wewe, chukua. Lisipofanana, kipende kwa mbali, kama mimi na picha yangu.

Kwenye uwasilishaji wa pili mwalimu alituuliza "kwa nini?" mara kumi na moja. Tulijibu tisa. Mbili zilizobaki zinahusu uzito kwenye gurudumu la mbele wakati wa kupanda mlima, na jioni ya leo tunakutana karakana kuzihangaikia.